Mboji Iliyotolewa Mapema

Mche wa saba ulitoka ardhini bila hata kuvutwa. Mwenyekiti aliushika kwa vidole viwili, akautazama mzizi wake, mweusi na laini kama uzi uliounguzwa, kisha akaulaza kwenye beseni pamoja na wenzake sita. Akahamia kwenye wa nane. Alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la darasa la nne tangu kabla ya kengele ya asubuhi, na matuta mengine matano yalikuwa na sura hiyo hiyo: majani ya njano, shina limelala chini.

"Hodi makaburini!" sauti ilisema nyuma yake. "Mazishi ni saa ngapi?"

Hakugeuka. Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya Nahodha, kapteni wa timu ya mpira ya shule, na nyuma yake walisimama wachezaji kama kumi, mikono mfukoni.

Walikuwa na sababu ya kununa, hilo lazima lisemwe. Matuta yale yalilimwa kwenye robo ya uwanja wao. Mradi wa mazingira ulikuwa wa wanafunzi wenyewe. Wao walichagua kiongozi, wakapanga zamu za kukusanya maganda jikoni na kuligeuza rundo la mboji kwa uma kila wiki. Walimu walitazama tu. Kila darasa liliotesha miche yake kwenye makopo. Na tangu achaguliwe, msichana huyu wa darasa la sita hakuitwa tena kwa jina lake. Akawa Mwenyekiti, wengine wakilitamka kwa heshima, wengine kwa kejeli.

"Tumekupa uwanja, umetupa nini?" Nahodha aliuliza. "Mchicha wa njano?"

"Ni kabichi."

"Ilikuwa kabichi."

Wakaangua kicheko. Msichana mdogo wa darasa la nne alikuja na kopo la maji, akachungulia kwenye beseni. "Wangu ulikuwa na majani matano," alisema, akaondoka na maji yake. Hilo lilimchoma Mwenyekiti kuliko kicheko chote.

"Lakini muuaji ameshajulikana," Nahodha aliendelea. "Ni Mama Mpishi. Anamwaga maji ya moto ya masufuria juu ya lile rundo. Watu wamemwona."

"Watu gani?"

"Watu."

Mwenyekiti akauinamia mche wa nane.

Alijua kilichoiua miche. Sheria ya mboji waliiandika wenyewe na kuibandika ukutani: haitolewi mpaka kijiti kinachochomekwa katikati ya rundo kitoke baridi asubuhi tatu mfululizo. Kukishika kijiti ilikuwa kazi yake, na hakutaka mwingine aiguse. Jumanne iliyopita alikichomoa kikiwa na joto kama kijiko kilichotoka kwenye chai. Lakini Ijumaa wageni kutoka shule nyingine walikuwa wanakuja kuona matuta, na tuta tupu halina cha kuonyesha. Wenzake walipouliza asubuhi zote tatu zilikuwaje, akajibu, "Baridi." Neno moja tu. Mboji ikapakiwa kwenye toroli, ikatiwa kwenye mashimo, miche ikapandwa. Ijumaa wageni walipiga makofi. Jumamosi na Jumapili mboji iliendelea kuchemka chini ya ardhi, mizizi ikiwa ndani yake.

Wakati wa mapumziko, maneno yalikuwa yameshafika kila darasa. Foleni ya chakula ilikuwa na kelele zisizo za kawaida.

"Mama, leo usituunguze na sisi!" mmoja alipaza sauti.

"Mwambie anywe hayo maji yake!" akadakia mwingine.

Mama Mpishi aliushusha upawa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye aproni yenye madoa, na kila asubuhi aliyachambua maganda kwa mkono wake, akiwawekea wanafunzi ndoo mbili mlangoni. "Nimewakosea nini, wanangu?" aliuliza. Mtu mmoja alizomea, kisha wakazomea wengi.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini kwa hatua ndefu, mwalimu wa sayansi akimfuata. "Mama," alisema, "inasemekana ulimwaga maji ya moto kwenye mboji. Ni kweli?"

"Maji yangu yanakwenda mferejini, mwalimu. Siku zote."

"Mwongo!" ilitoka sauti katikati ya foleni.

"Kimya!" Mwalimu mkuu aliwatazama mmoja mmoja. "Mradi unaowafanya watoto wamzomee mpishi wangu mimi siutaki. Kuanzia leo umefungwa. Uwanja urudi kuwa uwanja."

Wachezaji walishangilia, wakapigana mabega. Mwenyekiti alisimama kando ya ukuta, beseni la miche bado kiunoni. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Mradi ungekufa, na mama yule angebaki na lawama kila siku anapowapakulia chakula.

"Siyo Mama Mpishi," alisema.

"Sema tusikie!" mwalimu mkuu alimwambia.

"Siyo yeye. Ni mimi. Kijiti kilikuwa cha moto, nikasema baridi."

Kelele zikalipuka mara mbili ya mwanzo. "Ashuke uenyekiti!" "Turudishie miche yetu!" Nahodha alimsogelea mpaka wakatazamana ana kwa ana.

"Asubuhi nzima umetusikia tukimsema mama wa watu. Ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Huna haya."

"Na wewe," mwalimu wa sayansi aliuliza taratibu, "ulimwona akimwaga?"

Nahodha akatazama viatu vyake. "Niliambiwa."

Mwenyekiti alimwendea Mama Mpishi. "Nisamehe, mama."

Mpishi alijifuta mikono kwenye aproni. Hakutabasamu. "Umeniumiza, mwanangu, nisikufiche. Wote mmeniumiza." Akageukia foleni. "Nisikilizeni. Nikipika, kuna siku muda unafika chakula hakijaiva. Mnagonga sahani, mnanuna, mnaniita majina. Mimi nasema tu: bado. Aibu ya kusema 'bado' inaisha mkishakula. Nikiwapa chakula kibichi ili mnisifu, matumbo yenu yatanisema wiki nzima. Kwa hiyo ukijua hakijaiva, sema hakijaiva. Na kama hukumwona mtu kwa macho yako, sema 'sikumwona'. Ni hivyo tu. Haya, leteni sahani."

Mwalimu mkuu alinong'onezana na mwenzake, kisha akatoa uamuzi. Mradi ungepewa muda mpaka mwisho wa muhula. Uenyekiti ungepigiwa kura upya Ijumaa. Mboji yote ingechimbuliwa, irudi kwenye rundo na igeuzwe upya, na safari hii wangeipima watu wawili.

"Mwenyekiti," alisema, "na yule asiyemwamini." Akamwonyesha Nahodha kidole.

"Mimi, mwalimu?"

"Nani mwingine?"

Baada ya masomo walianza kazi. Mwenyekiti alichimbua kwa jembe dogo, Nahodha akapakia kwenye toroli kwa sepetu. Wachezaji walipita kando, wakarusha maneno, wengine madongo, na dongo moja lilimpata Mwenyekiti mgongoni. Nahodha hakuwakemea, lakini pia hakucheka. Tuta la kwanza lilikwisha, kisha la pili. La tatu walikuwa wamelifikisha nusu, na toroli haijajaa, kengele ya kwenda nyumbani ilipolia.

Nahodha aliliegemeza sepetu ukutani, akapiga mikono kukung'uta udongo. "Kesho kabla ya kengele. Na sifanyi hivi kwa kukupenda, ujue."

"Najua."

"Ukija mapema, usiguse hilo tuta kabla sijafika."

"Sitaligusa," alisema Mwenyekiti, akaliacha jembe palepale lilipofika.