Minyoo ya Semboja

Uwanja ulianza kujikunja asubuhi, na Tanga nzima ilikuja kuutazama. Paa lilishuka taratibu, majukwaa yakagawanyika, na kila kipande kikatambaa kwa miguu yake ya chuma hadi kilipopangiwa, kikatulia kuwa nyumba. Mashindano yalikuwa yamekwisha. Sasa walipokaa mashabiki watakaa wapangaji.

"Mwantumu! Mwantumu!" watu waliimba.

Mhandisi Semboja alisimama nyuma ya kamba, akiona wivu. Mwantumu alikuwa amebuni uwanja-kunjo huu juzijuzi tu. Yeye Semboja alimaliza ujana wake akiisafisha ardhi yenyewe, iliyoachwa na kiwanda cha betri ikiwa imejaa sumu. Minyoo-chuma yake, maelfu kwa maelfu, iliila sumu hiyo na kutulia nayo tumboni, chini kabisa. Lakini nani hupigia makofi kitu kilichofukiwa?

Karibu naye Bi Mize, mpangaji wa kwanza, alikuwa amechutama akichimba kwa mikono shimo la mgomba. Kwao mtu halali nyumba mpya kabla ya kupanda mgomba uani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Udongo mzuri huu! Huyu Mwantumu, Mungu amuweke."

Hata sifa za udongo kapewa Mwantumu! Semboja alichomoa mfukoni kidhibiti cha minyoo. Kanuni aliiandika mwenyewe: minyoo iliyoshiba isipandishwe juu, kwa maana ikipigwa na jua hutapika. Waione kidogo tu, alijiambia, halafu nairudisha. Akabonyeza.

Ardhi ilitetemeka. Minyoo ikachomoza kila uani, inang'aa, na umati ukapiga vigelegele. Lo, alijisikia raha!

Ndipo Mwantumu aliposhika kipaza sauti. "Jamani, msiniimbe mimi. Mimi nimekunja mabati tu. Aliyetupa mahali pa kukaa yuko pale nyuma ya kamba, na mtaa huu tumeupa jina lake. Kaka Semboja, njoo mbele, watu wakuone."

Makofi yakalipuka. Semboja alibonyeza kidhibiti, akabonyeza tena. Minyoo haikurudi. Ilikuwa imeanza kutapika sumu, uji wa kijivu ukitiririka hadi kwenye shimo la mgomba, na mikono ya Bi Mize ilikuwa bado humo.

Semboja alikimbia hadi kwa Mwantumu, akachukua kipaza sauti. Watu wakamgeukia wamsikilize.

"Bi Mize, toa mikono," alisema, sauti ikimkatika. "Tokeni wote. Hapa hapakaliki tena."