Maharage Yaliyokataa Kuiva

Kila alfajiri Ndeshi aliinjika makande ya mahindi na maharage kwenye kibanda chake, hapo Karatu mjini. Walaji wake walikuwa madereva wa watalii. Siku hizi walikuwa wanamhama mmoja mmoja.

"Mama Winnie, leo tena kokoto?" dereva mmoja alimtania, akasukuma sahani.

Ndeshi hakucheka. Alikwishaongeza kuni. Alikwishaongeza magadi, makande yakanuka sabuni. Kwao Machame chungu kama hicho kingeiva mapema tu! Akaenda sokoni kwa Nasha, mama kutoka Ganako anayemuuzia maharage.

"Umeniuzia ya miaka mitatu!" alifoka mbele za watu.

"Ya msimu huu, dada. Nimeyapura mwenyewe," Nasha alijibu, machozi yakimlenga.

Jioni Loserian, fundi wa pampu ya kisima, alipita kunywa chai. Akafunua birika, akakwangua ukoko mweupe, mgumu.

"Jiwe hili uliliweka wewe?"

"Niliweke ili iweje?"

"Basi limetoka majini. Maji ya kisima hupita kwenye miamba, yakayeyusha chokaa. Hiyo hukaza ganda la harage. Sabuni nayo haitoi povu."

"Ndiyo maana nafulia maji ya mvua," alisema Ndeshi, akionyesha pipa lenye mfuniko.

"Lo! Nguo unazipa maji laini, maharage unayapa magumu?"

Ndeshi aliinua kikombe cha maji, akakitazama kwenye mwanga. Yalikuwa safi, yanang'aa. "Jiwe zima, humu?" alinong'ona.

Akaloweka maharage yale yale kwenye sufuria mbili: moja maji ya kisima, nyingine ya mvua. Asubuhi akayapika kwa moto sawa. Ya kisima yaligonga kijiko. Ya mvua yalipasuka, laini kama siagi. Ndeshi alikaa chini, mkono mdomoni.

"Na mvua ikikata?" Ndeshi alimuuliza Loserian, aliyepita tena kunywa chai.

"Chemsha maji ya kisima dakika kumi na tano. Yaache yapoe, yatulie. Chota ya juu polepole. Chokaa nyingi itabaki chini. Hayo ndiyo ulowekee na kupikia."

Ndeshi alifunika bakuli la makande, akaenda nalo sokoni. Wale wale waliosikia jana walisogea.

"Nasha, nilikukosea. Maharage yako ni mazuri. Tatizo lilikuwa maji."

Nasha alionja, akatafuna taratibu, akaonja tena.

"Yameiva," alisema. "Haya, kaa hapa, dada. Unieleze hayo maji. Hata mimi kwangu hayaivi."