Kichwa Kinauma, Kesi ni ya Shingo

Majirani walimwita Twiga, kwa sababu ya urefu wake na shingo yake. Hakukasirika. Hata mumewe, mchoraji wa mabango ya maduka, alimwita hivyo hivyo, tena kwa mapenzi. Lakini tangu ajifungue, shingo hiyo ilikuwa imeinama kutwa. Alikuwa akimtazama mtoto.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi mitatu, mnene tangu mashavuni mpaka mapajani. Bibi yake alimpa jina la Bonge, na Bonge likamganda. Kila alipomnyonyesha, Twiga aliketi ukingoni mwa kitanda bila kuegemea kitu. Alimlaza mtoto mapajani, kisha akajikunja mpaka ziwa limfikie. Hakubandua macho. Alimhesabia kila funda, maana aliogopa asije akapaliwa. Ilikuwa nusu saa nzima, mara nane au tisa kwa siku.

Ikifika saa nne asubuhi, kichwa kilianza. Maumivu yalianzia kisogoni, upande wa kulia, yakapanda taratibu mpaka nyuma ya jicho. Hapo hata kuongea kulikuwa kazi. Karibu kila siku alimeza vidonge vya dukani.

Mama mkwe wake, yaani Bibi wa Bonge, aliishi nao. Mwanamke huyo alipenda maneno, lakini alimpenda mjukuu wake zaidi.

"Mtoto huyu anakunyonya mpaka ubongo," alitania. "Atakuachia fuvu tupu!"

Walicheka. Lakini Alhamisi moja Bibi hakucheka. Alirudi kutoka dukani na kopo la maziwa ya unga na chupa ya kunyonyeshea. Akaviweka mezani.

"Mwanangu, Jumatatu tunamwachisha. Siwezi kukaa nakutazama tu unavyoteseka."

Machozi yakamlenga Twiga. Alipenda kunyonyesha kuliko kitu kingine chochote. Alipenda vile vidole vidogo vikishika kidole chake, na mguno wa mtoto akianza kushiba.

"Mama, naomba nisimwachishe," alisema.

"Na kichwa je?"

Twiga alimkumbatia Bonge. Mumewe alichukua lile kopo, akalitia kabatini.

"Jumatatu bado," alisema. "Kesho twendeni kituo cha afya. Wakisema amwachishe, basi. Wasiposema, kopo litakaa humo humo."

Kesho yake wakaenda wote. Daktari alimpima Twiga presha, akampima joto, akamtazama macho. Alimwuliza maswali mengi.

"Ungekuwa na kichwa kilichokupiga ghafla, kikali kuliko vyote, ningekutuma hospitali sasa hivi," alisema. "Vivyo hivyo ungekuwa unaona ukungu, au una homa na shingo imekakamaa, au ganzi upande mmoja, au umevimba uso na mikono. Mtu akiona hayo asingoje kesho. Wewe huna hata moja. Nenda chumba cha mwisho, kwa mtaalamu wa fiziotherapia."

"Fizio nini?" Bibi aliuliza.

"Ni tiba ya viungo na misuli, mama. Hutibu kwa mikono na mazoezi."

"Kumbe kichwa nacho ni kiungo!" Bibi alinong'ona njiani. Twiga alicheka huku amejishika jicho.

Mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mikono yenye nguvu. Kichwa hakukigusa.

"Mnyonyeshe mtoto kama unavyofanya nyumbani," alisema.

Twiga akaketi ukingoni mwa kitanda cha wagonjwa, akajikunja. Mtaalamu alimtazama kwa mbele, akamtazama kwa ubavu. Bonge aliposhiba, mtaalamu akambonyeza Twiga taratibu chini ya kisogo.

"Yalaa! Hapo hapo!"

"Maumivu yanakwenda wapi?"

"Yanakuja jichoni! Ndiyo haya haya ya kila siku!"

"Basi kesi ni ya shingo. Kichwa ni kizito. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, shingo hukibeba bila taabu. Ukiinama muda mrefu, misuli ya nyuma hukishikilia mpaka ikachoka na kukaza. Maumivu yake husafiri hadi kichwani. Si kila maumivu ya kichwa hutoka shingoni, lakini haya yako ndiko yanakotoka."

"Na maziwa?" Bibi aliuliza haraka.

"Maziwa hayana kosa, mama. Mtoto aendelee kunyonya."

Twiga alilia kwa furaha, bila kuona haya. Mumewe alimpapasa mgongo.

Mtaalamu akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo. Alimwekea mto kiunoni na mwingine chini ya mtoto. Miguu ikakaa sawa sakafuni.

"Mlete mtoto kwenye ziwa, usilipeleke ziwa kwa mtoto. Akishika vizuri, inua kichwa. Mtazame kidogo, kisha tazama dirishani."

"Na akipaliwa?"

"Yumo mikononi mwako. Utahisi mara moja."

Kisha akamfundisha mazoezi. "Vuta kidevu nyuma, kama mtu aliyesogezewa kitu kinachonuka. Usiinamishe kichwa. Hesabu mpaka tano, achia. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni."

Bibi naye akajaribu. Alikunja sura vibaya hata Bonge akamkodolea macho, na chumba kizima kikacheka.

Twiga alifundishwa pia kubana mabega nyuma, na kuweka kitambaa cha joto shingoni. Alionywa asimruhusu mtu yeyote kumpinda shingo kwa ghafla mpaka ilie.

"Na vile vidonge," mtaalamu alisema, "ukivimeza karibu kila siku, vyenyewe vinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Ongea na daktari, akusaidie kuvipunguza."

Nyumbani Bibi akajipa cheo cha usimamizi. Alipiga kelele hata akiwa jikoni: "Kidevu!" Twiga akanyoosha shingo. Mume naye akanyoosha, akidhani ni yeye.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili kichwa kilirudi kwa nguvu, na Twiga akalitazama kabati kwa hofu. Bibi alipasha kitambaa, akamwekea shingoni, akaketi naye mpaka kichwa kikatulia. Wiki ya sita ilipita na kichwa kimeuma mara moja tu, tena kidogo.

Siku moja Twiga alikuwa akinyonyesha, ameegemea mto, kichwa juu. Bibi alimtazama, akajifuta machozi. Si kawaida yake.

"Mama, vipi?"

"Mumeo nilimwachisha akiwa na miezi mitatu," Bibi alisema. "Kilikuwa kichwa hiki hiki. Kinaanzia hapa, kinakuja hapa." Alijigusa kisogo, akajigusa jicho. "Waliniambia ni maziwa. Nikakubali. Alilia wiki nzima akitafuta ziwa, nami nikalia naye. Nilipokuletea lile kopo nilidhani nakuokoa, mwanangu."

Twiga alimshika mkono. Alimwonea huruma.

"Na ulipomwachisha, mama, kichwa kiliacha?"

"Kiache wapi! Huu ni mwaka wa thelathini. Nimekizoea."

Wiki iliyofuata mtaalamu alifungua mlango wa chumba chake. Familia nzima ilikuwa imesimama pale, na Bonge kifuani kwa baba yake.

"Karibu, Twiga. Keti."

Twiga hakuketi. Alimshika Bibi mabega, akamkalisha yeye kwenye kiti.

"Daktari ameshampima presha na kila kitu," alisema. "Leo mgonjwa ni mama yangu."