Chumba Ambacho Athanase Hakukijenga

Umewahi kumsikia mtu uliyemzika akikuambia neno ambalo hakuwahi kukuambia akiwa hai? Basi kaa, nikupe habari ya Athanase, jirani yetu pale Point, mtaa wetu wa wakimbizi kando ya bandari.

Athanase alikuwa na digrii ya kompyuta na barua lukuki za "tutakupigia". Nani alipiga? Bon. Akajifungia chumbani na mdogo wake Gracieuse, msusi wa saluni, wakatengeneza gemu yao wenyewe: msichana anazunguka nyumba ya vyumba sita, anabisha hodi, anakaribishwa. Picha alichora Athanase. Sauti zote zilikuwa za Gracieuse, walizirekodi chini ya blanketi ili honi za taxi zisiingie. Kicheko chake kikaingia hata hivyo.

"Yaya, ondoa hicho kicheko, nitaonekana kichaa," Gracieuse akamwambia kaka yake.

"Kinabaki. Makampuni makubwa iko na mamilioni, mais hawana kicheko chako."

Mwezi wa sita kifua kikambana Gracieuse. Kwenye kliniki moja akapewa kadi, namba sitini na moja. Dirishani wakaona karatasi yake ya ukimbizi imekwisha muda. "Ngoja hapo, sisi," wakamwambia, yaani dada. Akangoja kwenye benchi toka asubuhi. Saa tisa Athanase alipomletea chai, alimkuta ameegemea ukuta, amepoa. Ile kadi Athanase aliiweka ndani ya jeneza kwa mkono wake.

Gemu akaiachia mtandaoni hivyo hivyo. Watu wakaipenda. Walisema unasikia kabisa kuwa kuna mtu ndani yake.

Jumamosi moja mchana akapigiwa na Kagendo, mwanafunzi Mkenya wa chuo cha Westville.

"Athanase, nimeimaliza. Hicho chumba cha saba kimeniliza, wallahi."

"Vyumba ni sita."

"Wacha mchezo. Si kile cha dada kwa benchi? Watu wanakaa naye saa nzima. Hawataki kumwacha peke yake."

Athanase akafungua laptop. Jua lilikuwa kali dirishani. Akapita vyumba vyote sita. Mwisho wa korido palikuwa na mlango. Hakuuchora yeye.

Akabisha hodi. Hakuna aliyemkaribisha. Mlango ukafunguka.

Benchi la mbao. Dirisha dogo, limefungwa. Na Gracieuse, na gauni lake la njano la siku ile ya kliniki. Alikuwa anakohoa.

Kikohozi hawakukirekodi kamwe.

"Gracieuse?" alinong'ona.

Kichwa kikageuka. Taratibu.

"Yaya, bado hawajaniita."

Akakagua msimbo wa gemu mstari kwa mstari. Vyumba sita tu. Eish. Akaandika muuguzi ndani ya gemu: afungue dirisha, aite namba. Akaanzisha gemu upya. Muuguzi hakuwepo. Dirisha lilikuwa vile vile. Akaita mwenyewe, kwa sauti iliyopasuka, "Sitini na moja!"

Gracieuse hakuinuka. Alimtazama kwa huruma.

"Si wewe, Yaya. Wao."

Athanase akafunga laptop. Juu ya kifuniko palikuwa na kadi. Namba sitini na moja. Pembe zake zimekunjika, imelowa jasho la kiganja. Bado ya moto.

Sasa ninyi wa dirisha lile la kliniki, mnaokunywa chai na mshahara unaingia: fungueni. Semeni namba yake. Semeni na jina lake, Gracieuse, kwa sauti, asikie. Amengoja vya kutosha. Mwiteni!