Mwizi Aliyevua Viatu

Kila asubuhi kabla ya gwaride, Inspekta Annet Drateru alijichemshia chai mwenyewe. Kituo cha polisi cha Koboko, mji wa Uganda mpakani na Congo, kilikuwa na mtu wa kazi hiyo, lakini Drateru alipenda kusimama kimya mbele ya jiko la mkaa kabla watu hawajaanza kumletea shida zao. Siku hiyo alikuwa ameshatia majani, mkono wake ukitafuta kopo la sukari, mwanamke mmoja alipoingia mbio. Alikuwa amejifunga kitenge, nywele zikimchuruzika maji.

"Afande, wameiba mutu wangu!"

Drateru aliliacha kopo. "Mtoto?"

"Hapana. Mutu mukubwa. Ivan. Iko ndani ya sanduku."

Chai ilifurika ikazima makaa. Hakuna aliyeijali.

Drateru alimkalisha mwanamke yule kwenye benchi na kumwacha avute pumzi. Jina lake lilikuwa Régine. Alizaliwa Arua, katika familia ya wafanyabiashara waliotoka Congo. Kwa miaka kadhaa alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli ndogo ya kifahari, ile inayowazungusha matajiri kwenye visiwa vya joto huko Bahari ya Hindi. Ivan Loku, kijana wa kijiji cha Dranya, hapo hapo Koboko, alikuwa mhudumu wa baa katika meli hiyo hiyo. Mwezi uliopita moyo wake ulisimama ghafla, akaanguka na sinia mkononi. Mwili ulichomwa moto kwenye kisiwa kimoja. Majivu yakatiwa ndani ya sanduku la mbao, na Régine akaomba ruhusa ayalete nyumbani. Njia nzima hakumruhusu mtu aliguse sanduku lile dogo, zito.

"Jana nimefika jioni, nikalala loji karibu na stendi," alisema. "Asubuhi nikaenda kuoga, bafu iko inje, mlango nikaacha bila kufunga. Kurudi, sanduku hakuna."

Konstebo Ondoga, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimvuta Drateru pembeni. "Afande, hiyo ni dhahabu. Mkongomani, sanduku dogo, zito, na hataki mtu aliguse. Hapa Koboko hata mtoto anajua maana yake."

"Nimekusikia," Régine alisema. "Hata kondakta wa basi aliniuliza ni kilo ngapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mume wangu, na ana wivu."

Ondoga alitaka kucheka, akaona macho ya mwanamke yule, akaacha.

Walikwenda kwenye eneo la tukio kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na varanda ya loji ilikuwa imejaa nyayo, lakini safu moja ilikwenda moja kwa moja. Mtu mwenye kandambili alitoka getini hadi kwenye kizingiti cha chumba cha Régine. Hapo kandambili ziliishia. Ndani, juu ya saruji, kulikuwa na alama za miguu mitupu, vidole vyote vikionekana. Zilikwenda hadi kwenye meza ya kando ya kitanda, zikarudi.

Begi la Régine lilikuwa palepale. Saa ilikuwamo, simu ilikuwamo, hata viatu vipya alivyomnunulia dada yake.

Drateru alichuchumaa. "Ondoga, wewe ukiiba unavua viatu?"

"Afande, mimi siibi."

"Ukiiba."

"Nafunga kamba vizuri, nikimbie."

Mlinzi wa loji, Abdunoor, alikuwa mlangoni, ameshikwa ukosi na mwenye loji. Drateru alimwashiria amwachie.

"Mimi hapana mwizi!" Abdunoor alilalamika. "Mimi iko kwa geti tangu fajiri. Nimeswali hapa hapa, hata mkeka ni ule."

"Nani alipita?"

"Mutu moja. Koti ya mvua, kofia imefunika uso. Amebeba kitu ndani ya koti kama mama amebeba mtoto."

"Hukumsimamisha?"

"Alikuwa anaongea na simu."

"Akisema nini?"

"Ni Kikakwa, lugha ya hapa. 'Sasa tunatoka. Hii ni geti. Hapa iko maji, tunaruka.' Nikasema, huyu anaelekeza rafiki yake njia."

"Simu yenyewe uliiona?"

"Mikono yote mbili ilikuwa ndani ya koti," Abdunoor alisema polepole.

Régine aliketi kitandani. "Alikuwa anaongea na Ivan. Hata mimi niliongea naye njia yote. Nilimwambia, hii ni Entebbe. Hii ni daraja ya Pakwach. Mutu anapelekwa kwao, lazima umwambie anapita wapi, asipotee."

Ondoga alivua kofia yake. Habari ya dhahabu iliishia hapo.

"Mwizi alijua nani yumo," Drateru alisema. "Nani mwingine alijua?"

"Familia. Watu wa meli walinipa namba yao. Jana niliandika ujumbe kwamba niko loji hii, nikataja na chumba, na kesho nitaweka Ivan kwa mikono ya mama yake. Nikajibiwa, 'Lala salama, tutakuja kukuchukua.' Nikapiga, hakushika."

Drateru aliipiga namba ile. Ilikuwa imezimwa.

"Kwa nini mikononi mwa mama mwenyewe?" aliuliza walipokuwa ndani ya pikapu ya polisi, Ondoga akiishika njia ya Dranya.

Régine alitazama mashamba ya mihogo yakipita.

"Afande, meli ile ni nzuri sana kwa wageni. Asubuhi wanaogelea na kasa. Mchana tunawapeleka kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, tunasimamisha miavuli nyeupe, Ivan anawapelekea vinywaji na barafu. Yeye aliogopa maji. Yakifika magoti, anasimama. Wageni wanamwita, 'Ivan, njoo!' naye anacheka tu na sinia yake. Sisi wafanyakazi tunalala chini, hakuna dirisha. Unasikia maji yanapita kwa ukuta, karibu na sikio. Siku moja tuliketi huko chini tunakula mboga za karanga, Ivan ndiye alikuwa amepika. Akasema, 'Régine, nikifa huku usinitume kama mzigo. Nipeleke wewe kwa Mama.' Nikamtukana, nikamwambia ale chakula. Halafu nikakubali."

Alifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Nilikubali ili anyamaze tu. Sasa kumbe ni kazi ya kweli."

Nyumbani kwa akina Loku turubai lilikuwa limefungwa na watu walikuwa wengi. Wanawake waliimba nyimbo za kanisa. Katikati yao, juu ya meza mbili, lilikuwa jeneza refu jeupe.

Régine alimshika Drateru mkono. "Afande, ile iko na nani ndani?"

"Nyamaza kwanza, dada."

Kichwani mwa jeneza mama mtu mzima aliketi kwenye mkeka, kiganja chake kikiwa juu ya mbao. Walimwita Mama Robert, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wengine wote walikuwa na macho mekundu, yake yalikuwa makavu.

Drateru hakuwa Mkakwa bali Mlugbara wa Pajulu, na Kikakwa chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo waliongea Kiswahili. Aliyempokea alikuwa Mzee Pitia, baba mdogo wa marehemu.

"Poleni sana, Mzee. Mwili ulifika lini?"

"Leo asubuhi. Robert, kaka yake, ndiye ameleta. Imekuja na misumari. Amesema madaktari wamekataza kufungua."

"Mama amekubali?"

"Anaomba uso tu. Tangu asubuhi anaomba uso. Kulia amekataa, anasema hawezi kulilia mbao."

"Na watu wa meli, nani alikuwa akiongea nao?"

"Robert. Sisi wengine tunajua nini habari ya meli?"

Robert alikuwa nyuma ya nyumba, ukingoni mwa kaburi, akisawazisha kwa koleo udongo ambao ulikuwa umeshasawazishwa. Alikuwa mwanamume mwenye mwili mkubwa, suruali imekunjwa hadi magotini, kandambili zimejaa tope. Alipomwona Régine nyuma ya Inspekta, koleo lilimponyoka.

Drateru alimwomba Régine na Ondoga wabaki mbali kidogo.

"Simu yako iko wapi, Robert?"

"Imeharibika."

"Lini?"

"Leo."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kupokea mwili."

"Kwa nani?"

Robert alisukuma udongo kwa mguu.

"Nakuuliza jambo jingine, basi. Kwa nini ulivua viatu pale mlangoni?"

Robert alimtazama kama mtu aliyeguswa kidonda. Mabega yake makubwa yalishuka.

"Ndugu yangu alikuwa amelala mle," alisema. "Ningeingiaje na matope?"

"Sanduku liko wapi?"

"Ndani ya jeneza."

"Na nini kingine?"

"Mchanga. Magunia mawili. Jeneza lilikuwa kwa fundi mjini. Nilipitia hapo, nikamweka, nikapiga misumari mimi mwenyewe."

"Ungemwomba dada huyu, angekukatalia?"

"Aliandika kwamba atampa Mama. Mama angefungua, angeona." Alijipangusa uso kwa mkono wenye tope. "Afande, kwetu hakuna mtu aliyechomwa. Hata mwenye ukoma hakuchomwa. Nilimwambia Mama mwanao anakuja. Sikumwambia anakujaje."

"Wewe ulijua atachomwa?"

Robert aliinama, akaokota koleo, akalishika bila kulitumia.

Ondoga alisogea, pingu zikilia kiunoni. Drateru alitikisa kichwa. Alikuwa na kosa la wizi, na mwizi alikuwa amekiri. Angeweza kumpakia kwenye pikapu na kufunga jalada kabla ya saa sita. Lakini upande wa pili wa nyumba kulikuwa na mama aliyekuwa akibembeleza mchanga.

"Robert," alisema taratibu, "mama yako atakuja kupalilia hapa maisha yake yote. Unataka apalilie nini?"

Robert alichomeka koleo udongoni. Kisha akaenda jikoni, akatoka na nyundo.

Nyimbo zilikatika alipoanza kung'oa msumari wa kwanza. Mzee Pitia aliruka kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe! Madaktari wamekataza!"

Robert hakumsikiliza. Kifuniko kilitoka. Mama Robert aliinuka kwa mikono yake, akachungulia, akaona magunia, na katikati yao sanduku dogo la mbao nyekundu lililofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Mtoto iko wapi?" aliuliza.

Kelele zilizuka. Régine alipenya katikati ya watu, akapiga magoti mkekani. Alilitoa sanduku kwa mikono miwili.

"Mama, jina langu Régine. Nilifanya kazi na Ivan kwa meli. Alinituma nimlete mpaka kwako. Huyu ndiye Ivan, Mama. Walimchoma kule kule, hii ndiyo imebaki."

"Wamechoma mtoto wetu!" mwanamke mmoja alipiga yowe.

"Ni huyu Mkongomani!" kijana mmoja alidakia. "Muulizeni amefanya nini na mwili! Watu huenda huko wazima, wanarudi unga?"

Mkono mmoja ulimkamata Régine bega, mwingine ukavuta kitenge chake. Drateru aliingia katikati, mgongo wake kwa Régine, uso wake kwa watu.

"Atakayemgusa tena ataondoka na mimi," alisema. Hakupaza sauti, lakini mikono ilirudi nyuma.

Mama Robert hakuwatazama. Alikuwa amelipokea sanduku na kulipakata. Alilipima kidogo kwa mikono, huku na huku, na hapo ndipo machozi yalipoanza kumtoka, bila sauti, yakidondokea kwenye kitambaa cheupe.

Kisha akainua uso, akamtazama Régine.

"Nani alisema wamchome?"

Régine alijua. Watu wa meli walikuwa wamemwambia kwamba familia ilikubali kwa simu, na sasa alikuwa akimwona mwenye simu ile amesimama na nyundo. Aliinamisha macho. "Mama, mimi nilileta tu."

"Nimeuliza, nani?"

"Ni hao hao wa meli!" Mzee Pitia alifoka. "Na huyu ni mtu wao! Kwa nini anaficha?"

Drateru pia alijua. Neno moja tu lake lingetosha. Lakini alimgeukia Robert, akamngoja.

Nyundo ilianguka kwenye nyasi.

"Mwacheni huyo dada," Robert alisema. "Ni mimi."

Alipiga magoti mbele ya mama yake, mwili wake mkubwa ukionekana haujui pa kuweka mikono.

"Walinipigia, Mama. Walisema meli ni ndogo, haina chumba cha maiti. Itazunguka visiwani wiki mbili kabla ya kufika bandari yenye ndege. Wakasema, mwili usubiri kwenye barafu ya jikoni, au uchomwe kwenye kisiwa kimoja chenye Wahindi walio na mahali pao pa kuchomea. Nikauliza, barafu ya jikoni kuna nini? Wakasema, samaki wa wageni." Alishika ukingo wa mkeka. "Nikamwona Ivan amelala kati ya samaki, wageni wakila juu yake. Nikasema wamchome. Simu haikuchukua hata dakika mbili. Baadaye nikakaa nje mpaka giza likaingia, nikawaza, nimefanya nini?"

"Na mimi hukuniuliza," Mama Robert alisema.

"Sikukuuliza."

"Ukataka nizike mchanga."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Robert alifungua mdomo kuwataja madaktari, au desturi, au ukoo. Drateru aliyaona maneno yale yakija na kurudi. Mwisho alilitazama sanduku mapajani mwa mama yake, akasema kwa sauti iliyowafikia watu wote:

"Kwa sababu nilikuogopa wewe, Mama. Katika watoto wako nimebaki mimi peke yangu, na nilitaka bado uniite mwanao."