Peres Aliposimama Ghafla

Peres mwenyewe na mumewe Joash ndio walionipa habari hii, Jumapili iliyopita baada ya ibada.

Peres ni msusi wa nywele katika soko la Kenyatta Market, Nairobi. Malaria ilimshika aliporudi kutoka matanga huko kwao Siaya. Akameza dawa zote za siku tatu. Siku ya nne homa ilikuwa imekwisha, lakini miguu ilikuwa mizito kama si yake. Akaenda kazini hivyo hivyo.

Msusi hanywi maji kazini. Ukinywa utaenda choo, choo kiko mbali, na kichwa cha mtu hakiachwi nusu. Hadi saa nane mchana Peres hakuwa ametia kitu mdomoni. Alikuwa amekaa kwenye stuli akimsuka Nzisa, nesi kutoka mtaa wa Mountain View. Akainuka mara moja kuchukua kitana. Macho yakaingia giza. Akaanguka.

Nzisa alimlaza chali, akamwinulia miguu juu ya stuli.

"Mama Ivyne," akamwita kwa jina la mtoto wake, "unataka nitembee na nusu kichwa?"

Peres akafungua macho. "Ni malaria imerudi. Joash aninunulie dawa ingine."

"Bwana yako si maabara. Dawa hairudiwi bila kupimwa. Leo umekunywa maji?"

Peres akatikisa kichwa.

"Umekauka kama dagaa wa omena. Malaria inaweza kufanya presha ishuke ukisimama. Damu inabaki miguuni, kichwa kinakosa. Twende kliniki."

"Na nywele zako?"

"Msusi mwenzako Jackie atamalizia kesho. Nipe leso nifunge."

Kliniki walimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Ikashuka. Kipimo cha damu hakikuonyesha malaria wala upungufu wa damu.

"Kunywa maji, kula, pumzika," daktari akasema. "Ukiamka, keti kwanza, miguu chini, halafu simama pole pole. Ukiona giza, keti tena. Ukizimia tena au homa ikirudi, njoo siku hiyo hiyo."

Wiki nzima Joash alilala jicho moja wazi. Peres akijigeuza tu, anamwambia, "Keti kwanza. Wewe si askari wa gwaride."

Siku ya nane Peres akarudi kazini. Alikunywa maji, akaenda choo, mteja akangoja. Hakuna aliyekufa.

Jioni alirudi amechoka, lakini ni uchovu wa kazi tu. Akala, akalala kando ya mtoto. Joash alimsikiliza akipumua kwa muda. Kisha naye akafumba macho yote mawili, akalala.