Majibu Arobaini ya Uwamariya

Sebagabo hakuwa na kitambulisho cha polisi, wala bunduki, wala pikipiki. Hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya jioni, na miwani yake ilikosa mkono mmoja. Alikuwa mlinda geti wa shule moja karibu na Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, basi.

Jumatatu hiyo ya mwaka 2009, saa mbili asubuhi, katibu Goretti alikuta karatasi iliyokunjwa chini ya dawati la Uwamariya. Ilikuwa na majibu ya maswali arobaini. Jumamosi watoto walikuwa wamefanya mtihani wa kuchagua jibu, A hadi D, wakigombea nafasi moja ya kusomeshwa bure Mbarara. Uwamariya aliongoza kwa thelathini na nane. Sasa, kwa ajili ya karatasi hiyo, saa kumi alasiri gari lingeondoka na barua yenye jina la wa pili, Eliane, binti wa mwalimu Léopold.

"Inafanana na majibu yake yote arobaini," alisema Kabanda, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili kutoka Mbarara. "Badala ya A ameandika 1, badala ya B, 2. Alikuwa anaficha. Kesi imeisha."

Sebagabo alimkuta Uwamariya nyuma ya darasa, macho yamevimba.

"Yale mawili uliyokosa, ulijibuje?"

"La kumi na saba na la thelathini na moja? Sikuyajua, Mzee. Kama sijui, naweka tu C. Batoto bote banafanya hivyo."

Walimu walikuwa wakinong'ona kuwa Goretti ndiye aliyevujisha majibu, kwa kuwa ufunguo wa ofisi ni wake. Sebagabo akamfuata.

"Jumamosi saa tano niliitwa matangani Oruchinga, mtihani haujaanza," alisema Goretti. "Nimerudi leo. Ufunguo nilimwachia mwalimu Léopold, asahihishe."

Saa tisa na nusu Sebagabo aliingia ofisini. Kabanda na Léopold walikuwa mezani, barua mbele yao.

"Mzee, kazi yako iko geti," alisema Kabanda.

"Geti nimelifunga. Mwenyekiti, jibu sahihi la swali la kumi na saba ni lipi?"

"B."

"Na kwenye karatasi ya wizi?"

"Tatu. Yaani C."

"La thelathini na moja?"

"Ni A. Hapa..." Kabanda alisita. "Tatu tena."

"Mtu akiiba majibu, anaiba yaliyo sahihi. Hizo C mbili ni za mtoto mwenyewe, alibahatisha. Aliyeandika hii alinakili karatasi yake baada ya mtihani. Na karatasi zilikaa kwa mtu mmoja." Akamgeukia Léopold. "Mwalimu, zoezi lako la Ijumaa bado liko ubaoni. Wenzako wote wanaandika A, B, C. Wewe unaandika 1, 2, 3."

Léopold alitazama mikono yake.

"Kwetu Uvira, Kongo, kwenye mitihani tulichagua kwa namba," alisema taratibu. "Mukono umezoea. Eliane ana miaka kumi na nane, Mzee. Vita vilimukatia masomo mara mbili. Mwaka ujao hawatamupokea. Nilisema, yule mwingine ni mudogo, atangoja."

"Kwa jina la mwizi angengoja mpaka lini?"

Léopold akauliza, "Na Eliane? Yeye hakujua kitu."

"Basi abaki wa pili, kama alivyopata."

Kabanda alichana barua, akaandika nyingine: Uwamariya wa kwanza, Eliane wa pili. Sebagabo alipaka gundi kwenye bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika, akampelekea dereva. Saa kumi kamili akafungua geti, barua ikaondoka kwenda Mbarara.